Radi ya Kivu inaanzia katika barafu: namna vyombo vya angani vinavyoipima

Mwaka 2016, watafiti walioongozwa na Rachel Albrecht wa chuo kikuu cha São Paulo, Brazil, walitoa orodha ya mahali ambapo radi inapiga zaidi duniani. Walitumia hesabu za miaka 16, tangu 1998 mpaka 2013, zilizokusanywa na satelaiti iliyoitwa TRMM. Namba moja ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Namba mbili ni Kabare, Kivu Kusini: radi 205 hivi kila mwaka katika kila kilomita moja ya mraba, zile zinazofika chini pamoja na zile zinazobaki mawinguni. Namba tatu ni Kampene, Maniema. Sake na Butembo nazo ziko ndani ya kumi za kwanza. Yaani mahali pane kati ya kumi ni mashariki mwa Kongo.

Wakaaji wa milima hiyo hawakungoja orodha ili walijue jambo hilo. Wanajua ng'ombe waliokufa malishoni, nyumba iliyoungua, wanafunzi walioangushwa darasani. Na mara nyingi, kiisha msiba, swali linaloulizwa siyo "radi ilitoka wapi?" Linakuwa "nani aliituma?" Mjane mzee, ama jirani mwenye ugomvi wa shamba, anaanza kuangaliwa vibaya. Wapo waliofukuzwa katika kijiji, na waliopigwa, juu ya swali hilo tu.

Ndiyo maana inafaa kujua radi inatengenezwa na nini. Jibu linashangaza kidogo katika nchi ya joto: inatengenezwa na barafu.

Barafu juu ya ikweta

Anayetaka ushahidi aangalie mlima Rwenzori. Kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, kina barafu, hata kama ikweta iko karibu sana. Ukipita mita 5,000 hivi, hewa inakuwa baridi ya kugandisha maji, wakati watu wa chini wanatoka jasho.

Sasa mawingu ya mvua kubwa mashariki mwa Kongo yanapanda mpaka kilomita 15, mengine zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wingu iko ndani ya baridi kali, na kule juu kabisa baridi inaweza kufika nyuzi 70 chini ya sifuri. Hewa yenye unyevu mwingi ndiyo inayolisha mawingu hayo. Inatoka bonde la Kongo na maziwa, kiisha milima inaisukuma juu.

Ndani ya wingu kama hilo kuna vitu vitatu vinavyochanganyika: matone ya maji ambayo hayajaganda bado, fuwele ndogo za barafu, na punje nzito za barafu laini. Upepo unaopanda unabeba fuwele nyepesi, lakini punje nzito zinabaki nyuma ama zinaanguka. Zikigongana, umeme unahama kutoka moja kwenda nyingine. Kwa kawaida fuwele zinapanda na umeme chanya, punje zinabaki chini na umeme hasi. Pande mbili za wingu zikijaa sana, umeme unapasua hewa na kupita. Hiyo ndiyo radi. Punje zikiendelea kuvaa barafu juu ya barafu, zinashuka kama mvua ya mawe na kuharibu maharagi shambani.

Kwa hiyo wingu lenye barafu nyingi na upepo wenye nguvu ni wingu la kuogopa. Anayejua kiasi cha barafu iliyo ndani amekwisha kujua sehemu kubwa ya hatari.

Kupima bila kugusa

Lakini hakuna anayeweza kupeleka mizani ndani ya wingu hilo. Marubani wenyewe wanalizunguka. Inabaki kupima kwa mbali, kama mama anayejua chungu kimechemka kwa kusikia kifuniko kinavyocheza, bila kukifunua. Vyombo vya angani vinaangalia kile ambacho barafu inafanya kwa joto, kwa mawimbi ya redio na kwa mwangaza. Njia kubwa ni nne.

Ya kwanza ni joto. Satelaiti za Meteosat, za shirika la Ulaya EUMETSAT, zinakaa kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuangalia Afrika usiku na mchana. Ile ya kizazi kipya, iliyorushwa Desemba 2022, inaleta picha mpya kila dakika 10. Mgongo wa wingu ukiwa baridi sana, wingu limepanda sana. Shida ni kwamba njia hii inaona kifuniko tu, siyo ndani ya chungu.

Ya pili ni mawimbi mafupi ya redio ambayo ardhi yenyewe inayatoa, kila saa, bila kuwashwa na mtu. Yakipita katika wingu lenye barafu nyingi, punje zinayatawanya huku na huku. Satelaiti inaona pengo: mahali ambapo mawimbi yalipaswa kufika na hayakufika. Pengo likiwa kubwa, barafu ni nyingi. Satelaiti ya GPM, ya Marekani na Japani, inafanya kazi hiyo tangu 2014.

Ya tatu ni rada. Hii haingoji mawimbi ya ardhi. Inatuma yake na kusikiliza mwangwi. Muda ambao mwangwi unachukua kurudi unaonyesha barafu iko urefu gani. Satelaiti ya EarthCARE, ya Ulaya na Japani, iliyorushwa tarehe 28 Mei 2024, inabeba rada ya namna hiyo, na rada yake inajua pia barafu inapanda ama inashuka kwa mwendo gani.

Ya nne ni mwale wa leza, ambao EarthCARE inaubeba pia. Tone la maji ni mviringo, lakini fuwele ya barafu ina pembe, nayo inarudisha mwangaza ukiwa umegeuzwa. Hivyo leza inatofautisha maji na barafu. Udhaifu wake ni kwamba wingu zito linauzima mapema.

Mtego wa hesabu

Juu ya nini vyombo vingi hivyo, kama rada inaona ndani? Kwa sababu mwangwi unadanganya. Punje ikiwa na upana mara mbili ya nyingine, barafu yake ni mara 8. Lakini mwangwi wake, kwa punje zilizo ndogo kuliko wimbi la rada, unakuwa mara 64. Kwa hiyo punje moja kubwa inaweza "kusema" kwa sauti ya punje ndogo 64, ingawa barafu yake ni ya punje 8 tu. Rada peke yake haiwezi kuamua ni gramu ngapi za barafu ziko katika mita moja ya ujazo. Inabidi leza, joto na mawimbi ya ardhi vitoe ushahidi wao pia, kama baraza lisilokata neno kwa shahidi mmoja.

Kuna kizuizi kingine. EarthCARE inaona mstari mwembamba tu chini yake, na inarudi juu ya mstari uleule kiisha siku 25. Haiwezi kuwaonya watu wa Kabare mchana huu. Kazi yake ni kufundisha na kusahihisha zile zinazoangalia kila saa, kama Meteosat mpya, ambayo ina pia chombo cha kuhesabu mimweko ya radi. Picha hizo zinafikia idara za hali ya hewa za Afrika. Kwa Kongo, idara hiyo ni METTELSAT. Kutoka pale mpaka kwa mvuvi aliye ndani ya mtumbwi usiku, njia bado ni ndefu, na onyo lisilomfikia halimsaidii kitu.

Kijijini inamaanisha nini

Hakuna chombo kinachoweza kusema radi itapiga nyumba ya nani. Lakini vipimo vinaonyesha jambo moja wazi. Mahali ambapo kila kilomita ya mraba inapata radi zaidi ya moja kila siku mbili, kupigwa kwa nyumba hakuhitaji adui. Barafu, upepo na milima vinatosha. Mjane wa jirani hana mkono katika wingu lenye urefu wa kilomita 15.

Kinachookoa ni kuwahi. Sauti ya ngurumo inatembea kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Anayeona mwanga na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu mpaka 30 yuko tayari ndani ya hatari. Aache shamba, atoke ziwani, aingie katika nyumba imara ama gari lililofungwa. Chini ya mti siyo mahali pa kujificha, wala kibanda cha sokoni kisicho na kuta. Angoje dakika 30 kiisha ngurumo ya mwisho.

Na mtu akipigwa, wengi wanaogopa kumgusa, wakidhani umeme ungali mwilini mwake. Haubaki. Anaweza kuguswa palepale, na kama moyo umesimama, kumkandamiza kifua bila kukawia kunaweza kumrudisha.