Dawa ya Mitishamba Inapovuka Ngozi

Singo la manjano na liwa huacha ngozi laini na yenye harufu nzuri, lakini sehemu kubwa ya manjano hayo huishia juu juu. Kinachoyazuia ni tabaka la nje kabisa la ngozi, lenye unene wa takriban mikromita 10 hadi 20 tu. Hizo ni seli zilizokufa, zimebanana, na nafasi kati yake zimezibwa kwa mafuta. Tabaka hilo huzuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie, wala halibagui kati ya sumu na dawa.

Mitishamba hukwama hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa molekuli. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walipendekeza kanuni ambayo wafamasia wanaitumia hadi leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Chukua Centella asiatica, mmea unaotambaa ardhini na ambao Madagaska unajulikana kwa kutibu vidonda. Kiambato chake mashuhuri, asiatikosaidi, huchochea seli kutengeneza kolajeni, lakini kina daltoni 959. Kwenye kidonda kilicho wazi hilo si tatizo, kwa kuwa kizuizi kimeshabomoka. Kwenye kovu lililokwisha kufunga, marhamu ile ile yaweza isifike inakohitajika.

Sababu ya pili ni tabia ya molekuli yenyewe. Kurkumini ya manjano ina daltoni 368, kwa hiyo ukubwa hauizuii. Tatizo ni kwamba haiyeyuki katika maji: hunasa kwenye mafuta ya tabaka la juu na kusita kushuka kwenye tishu hai zilizojaa maji.

Hapo ndipo zinapoingia sindano ndogondogo, zinazotoboa tabaka hilo la nje. Wazo lake lilisajiliwa kwa hataza Marekani mwaka 1976, lakini lilisubiri mashine za kuchonga vipande vya kompyuta. Mwaka 1998 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Atlanta, walionyesha katika maabara kwamba sindano za silikoni zisizofika hata robo ya milimita zinaweza kuongeza upenyaji wa ngozi kwa maelfu ya mara. Kwa kuwa ni fupi, hazifikii sana neva na mishipa ya damu, hivyo maumivu ni kidogo.

Aina inayofaa zaidi mitishamba ni ile inayoyeyuka. Dawa huchanganywa na asidi ya hayaluroni au polima nyingine salama, hujazwa kwenye kalibu yenye matundu madogo, ikakaushwa na kubanduliwa kama kibandiko. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, sindano huzama na kuyeyuka ndani ya ngozi pamoja na dawa yake, na hakuna chuma cha kutupa.

Lakini kibandiko cha sentimita moja ya mraba kwa kawaida hubeba dawa isiyozidi miligramu chache. Konzi ya majani yaliyochemshwa haiingii humo. Mchemsho huo pia una sukari na viambato vingine vingi vinavyoweza kulainisha sindano hadi ikashindwa kutoboa. Ndiyo maana maabara huanza kwa kutenga kiambato kimoja, kukisafisha na kukipima. Kinachoingia ngozini ni molekuli ya mmea; mmea wenyewe hubaki nje.

Usafi huo ni suala la usalama pia, kwani njia inayopitisha dawa hupitisha bakteria, ukungu, metali nzito na manukato vilevile. Mwaka 2014 jarida la JAMA Dermatology liliripoti wanawake watatu waliopata vinundu vya uvimbe usoni baada ya kutobolewa kwa sindano ndogondogo na kupakwa bidhaa za ngozi. Kwa hiyo kujipitishia rola ya sindano nyumbani, kisha kupaka utomvu wa alovera iliyokatwa bustanini, ni hatari. Mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba kupita kiasi), tatizo linalowapata zaidi watu wa asili ya Kiafrika, amwone kwanza daktari wa ngozi.

Teknolojia yenyewe imeshajaribiwa kwa binadamu barani kwetu: matokeo ya kibandiko cha chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa Gambia yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024, na yalitia moyo. Vibandiko vya mitishamba bado viko nyuma. Ushahidi wake mwingi unatoka maabara na kwa wanyama. Ukiuziwa kimoja leo, uliza maswali manne: kina kiambato gani, kiasi gani, kimetakaswa vipi, na kimejaribiwa kwa binadamu wangapi? Asiyeweza kuyajibu, mwachie kibandiko chake.