Kinyoleo cha Kurekebishwa na Uso Wenye Vipele: Mwongozo wa Kuchagua kwa Kuzingatia Ngozi

Muuguzi wa kiume anayehudumu katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu hukabiliwa kila asubuhi na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Barakoa ya N95 humkinga pale tu inapokamata ngozi sawasawa. Ndevu zikiwa kati ya ukingo wa barakoa na shavu, hewa hupenya pembeni bila kuchujwa. Hana budi kunyoa. Lakini iwapo ndevu zake ni za kipilipili, kunyoa huko huko humwachia vipele, usaha na madoa meusi kuanzia kidevuni hadi shingoni. Akinyoa ataumia, na asiponyoa kinga yake itapungua.

Askari, mhudumu wa hoteli na mtu yeyote ambaye kazi yake inadai uso mtupu wamo katika hali hiyo hiyo. Swali wanalouleta kliniki ni moja: je, kuna kifaa cha kunyolea kitakachowaondolea adha hii? Siku hizi wengi wamesikia habari za vinyoleo vya chuma vinavyorekebishwa, yaani vile ambavyo mtumiaji huweza kuamua mwenyewe wembe ukate kwa upole au kwa ukali kiasi gani. Makala haya yanavilinganisha vifaa hivyo kwa jicho la afya ya ngozi.

Chanzo cha vipele

Vipele vya ndevu, ambavyo kitaalamu huitwa sudofolikulitisi, havianzi kwa sababu ya uchafu wala vijidudu. Huanza na umbo la unywele wenyewe. Unywele uliojikunja hutoka kwenye kinyweleo kilichopinda. Ukikatwa, ncha yake huwa kali kama mkuki uliochongwa, kisha hufuata mojawapo ya njia mbili. Huweza kutoka nje, ukajikunja na kuitoboa ngozi upya hatua chache kutoka ulipotokea. Au, iwapo ulivutwa kabla ya kukatwa, hurudi chini ya ngozi na kuchoma ukuta wa kinyweleo kabla haujatoka kabisa. Kwa vyovyote vile, mwili huutambua unywele huo kama mwiba, nao huanza kupambana nao. Kipele ndicho kielelezo cha mapambano hayo.

Tafiti zilizofanywa Marekani zimetaja viwango vya kati ya asilimia 45 na 83 miongoni mwa wanaume weusi. Wanawake nao hawajasalimika, hasa wenye ndevu zinazotokana na mabadiliko ya homoni na wale wanaonyoa kinena. Vipele vikiachwa bila uangalizi huweza kuingiliwa na bakteria, kuacha weusi wa muda mrefu, na kwa baadhi ya watu kuzaa makovu ya kuvimba yaitwayo keloidi. Wapo pia wanaokimbilia krimu za kujichubua ili kufuta weusi huo, wakajiongezea tatizo la pili lililo kubwa kuliko la kwanza.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini kunyoa karibu mno na ngozi kuna hatari. Vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu, nne au tano hutangazwa kwa sifa ya kuuvuta unywele kidogo kwa wembe wa kwanza, kisha kuukata kwa unaofuata. Sifa hiyo ndiyo inayoweza kuifanya ncha ya unywele uliojikunja izame chini ya ngozi. Mgonjwa wa vipele hahitaji uso laini kama kioo. Anahitaji unywele ukatwe mara moja, usawa wa ngozi au juu yake kidogo.

Kinachorekebishwa ni nini?

Waswahili husema wembe ni ule ule, na katika jambo hili wamesema kweli. Vinyoleo vyote vitakavyotajwa hapa hutumia wembe mmoja wa kawaida wenye makali pande mbili, ule unaouzwa dukani kwa pakiti. Kinachotofautiana ni jinsi kinyoleo kinavyouwasilisha wembe huo kwenye ngozi.

Chini ya makali ya wembe pana upau wa kinga. Umbali kati ya upau huo na makali ndio mwanya. Mwanya ukiwa mdogo, ngozi haipati nafasi ya kuingia ndani, nao wembe hukata kwa upole. Mwanya ukipanuka, nywele nyingi hukatwa kwa mkupuo mmoja, lakini ngozi nayo huwa wazi zaidi kwa makali. Kinyoleo cha kawaida kina mwanya mmoja usiobadilika. Cha kurekebishwa humpa mtumiaji uwezo wa kuubana au kuupanua.

Wazo hili si geni. King Camp Gillette alipata hataza ya kinyoleo chake cha usalama nchini Marekani mwaka 1904. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni yake ilianza kuuza kinyoleo chenye pete iliyo shingoni mwa mpini, yenye namba 1 hadi 9. Wapenzi wa vifaa hivyo walikibandika jina la Fatboy kwa sababu ya unene wa mpini wake. Kikafuatiwa na chembamba zaidi, kiitwacho Slim, katika miaka ya 1960.

Vinne kwa kulinganisha

Fatboy na Slim havitengenezwi tena, bali hupatikana vikiwa vimetumika. Uzuri wao ni kwamba namba za chini ni za upole, na ukizungusha kifundo cha chini ya mpini milango miwili ya juu hufunguka kama mbawa, hivyo kubadili wembe ni rahisi. Kasoro yao kwa mtazamo wa afya ni kubwa: kichwa hakivunjwi vipande na mtumiaji wa kawaida. Sabuni, nywele na hata damu ya mmiliki wa zamani huweza kujificha ndani ya viungo vyake. Anayenunua kilichotumika anapaswa kukisafisha kwa kina kabla hakijagusa uso wake.

Merkur Progress, kutoka Solingen nchini Ujerumani, kina vipande vichache. Kifundo kilicho chini ya mpini kina namba 1 hadi 5, na kikifunguliwa kabisa kifuniko cha juu hutoka. Kinasafishika vizuri kuliko vile vya kale. Kifundo chake ni cha plastiki, kwa hiyo hakifai kuchemshwa.

Merkur Futur hutoka kwa watengenezaji hao hao, na namba zake ni 1 hadi 6. Ni kizito, kikiwa na zaidi ya gramu 100, na watumiaji wengi hukiona kuwa kikali hata kikiwekwa namba ya chini kabisa. Kifuniko chake hushikiliwa kwa kubanwa tu, na hung'olewa kwa vidole vikiwa jirani na makali. Mikono ikiwa na povu, ni rahisi kujikata. Kwa mwenye vipele, au mwenye kisukari ambaye ganzi imepunguza hisia za vidole vyake, hiki si chaguo la kwanza.

Rockwell 6S, cha kampuni ya Kanada, kimefuata njia nyingine. Hakina pete wala kifundo cha kurekebisha. Kina mabamba matatu, kila bamba likiwa na pande mbili, na kila upande una mwanya wake, hivyo jumla ni ngazi sita. Hakibadilishwi katikati ya kunyoa bila kukifungua. Hata hivyo, ni cha chuma cha pua, kinaachana vipande vyote, nacho hakina kona iliyofichika. Kwa usafi, hiki kinashika nafasi ya mbele.

Jambo moja lisisahaulike: namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Namba 3 ya kifaa hiki huweza kuwa kali kuliko namba 5 ya kile. Atakayebadili kifaa aanze tena na namba ya chini kabisa.

Je, ni lazima kukinunua?

Hapana. Vinyoleo hivi ni ghali, na mwenye vipele atatumia ngazi ya chini karibu siku zote. Kinyoleo cha kawaida cha vipande vitatu chenye mwanya mdogo kitamfanyia kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo. Cha kurekebishwa kina faida ya kweli kwa mtu ambaye ndevu zake hutofautiana: mashavu yenye ndevu nzito yasiyo na vipele, na shingo inayoumia upesi. Huyo ataongeza ngazi kidogo shavuni na kuirudisha chini anapofika shingoni.

Namna ya kunyoa ina uzito kuliko kifaa. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kwa maana unywele ulioloa hukatika kwa nguvu ndogo. Paka povu zito kwa brashi au vidole. Fuata uelekeo wa nywele zinavyoota, kwa mikupuo mifupi, bila kukandamiza na bila kuivuta ngozi. Usirudie mahali pamoja mara nyingi. Badili wembe unapoanza kukwaruza. Ukiona unywele ulioingia ndani, uinue kwa ncha safi na uuache papo hapo. Usiung'oe, kwani utakaoota badala yake huweza kuanza safari ile ile chini ya ngozi.

Kinyoleo ni cha mtu mmoja

Kifaa chenye viungo vingi kina mahali pengi pa kuhifadhi damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuambukiza. Kwa sababu hiyo kinyoleo cha kurekebishwa hakifai kabisa kutumika kwa wateja wa saluni, wala kuazimana baina ya mume na mke au baba na mwana. Kubadili wembe peke yake hakutoshi, kwa kuwa kichwa nacho kimegusa damu. Baada ya kunyoa, kifungue, kisuuze, kikaushe. Nyembe zilizotumika zikusanywe ndani ya kopo gumu lenye mfuniko, zisimdhuru mtoto wala mzoataka.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye vipele vingi vyenye maumivu asishauriwe kubadili kinyoleo kwanza, bali kupumzisha ndevu kwa wiki nne au zaidi hadi uvimbe utulie. Akihitaji kupunguza, atumie mashine ya umeme inayoacha takribani milimita moja. Haidrokotisoni hafifu kwa siku chache, benzoili peroksaidi, klindamaisini ya kupaka na retinoidi za usiku zina nafasi yake. Palipo na keloidi, usaha usiokoma au weusi unaosambaa, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Leza ya nanomita 1064 huweza kutumika kwa ngozi nyeusi pale inapopatikana. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda ni salama zaidi kwa mashine ya umeme kuliko kwa wembe.

Na yule muuguzi wa wodi ya kifua kikuu? Vipele vikiwa vimewaka, aandikiwe cheti ili apangiwe kwa muda kazi isiyodai barakoa hiyo, bila kuonekana mvivu au mkaidi. Vikitulia, anyoe kwa wembe mmoja, kwa ngazi ya chini, kwa kufuata nywele. Uso wake hautakuwa laini kama wa kwenye matangazo, lakini barakoa itakamata, na ngozi itampa nafasi ya kurudi kazini kesho.