KINGA ILIYOVAA BARAFU

Wanafunzi wenzetu, katika somo la jiografia tuliona foto moja ya Kanada: kinga imesimama inje ya nyumba, yote imevaa barafu, sawa vile imetengenezwa kwa kioo. Mwenzetu mmoja akauliza kama waliimwangia maji na kuitia mu frigo. Tukacheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Basi tumetafuta.

Ile siyo theluji, wala mvua ya mawe kama ya kwetu. Wakati wa baridi, hewa ya juu inaweza kuwa na joto, na hewa ya karibu na udongo iko chini ya 0°. Matone yakipita katika ile baridi yanapoa sana, lakini yanabaki maji. Yakigusa mti, waya ao kinga, palepale yanageuka barafu. Kwa Kifaransa ndiyo verglas.

Tangu tarehe 5 hata 10 Januari 1998 mvua hiyo ilinyesha Montréal na kandokando yake. Mahali pengine ilifika milimetre 100 hivi. Nguzo za chuma zilijikunja, nguzo za miti zikavunjika kwa maelfu, na watu zaidi ya milioni 3 wa jimbo la Québec wakakosa umeme, wengine karibu mwezi mzima. Juu ya nini? Tuhesabu: waya wa unene wa santimetre 2, ukivaa barafu ya santimetre 2 pande zote, unaongezewa kilo 2 na gramu 300 kwa kila metre. Kwa metre 100 ni kilo 230! Wa section scientifique wahakikishe, π iko.

Sasa foto. Ukitaka kushika mtaa mzima, unapata weupe mtupu. Heri kitu kimoja: mkono wa mlango, kamba ya nguo, waya wa miiba. Barafu safi haina rangi. Nyuma yake sherti kuwe ukuta ao mti mweusi, na jua liingie toka ubavuni. Flash ya mbele inaharibu yote. Kama nyuma ni theluji, apareyi inadanganyika, theluji inatoka kijivu. Wenye kujua wanaongeza mwangaza mara mbili, hata mara ine.

Sisi tunapenda zaidi foto yenye rula ao kidole kando ya barafu. Inaonyesha unene, na kwa unene unapata uzito. Ile ya kinga ni nzuri, lakini haituambii kilo hata moja.

Lakini sherti kufanya mbio. Joto likipanda kidogo, barafu inaanguka vipande vipande. Usisimame chini yake, na waya ulioanguka usiukaribie kabisa. Baridi inamaliza pile upesi, kwa hiyo pile za pili zinakaa mfukoni, karibu na mwili. Na mbele ya kuingia nyumbani, apareyi inafungwa ndani ya sashe mpaka ipate joto. Bila hivyo inalowana maji, vile miwani inavyofanya ukiinama juu ya sufuria ya bugali.