Vitambaa Mdomoni: Wanawake wa Tibet na Bei ya Kunyamaza

"Usiniletee mambo ya Beijing hapa!" Nani kati yetu hajawahi kuisikia kauli hii, au kuitoa mwenyewe? Mke akiuliza mshahara umeishia wapi, anaambiwa Beijing. Dada akiomba kaka yake naye aoshe vyombo, Beijing. Jina la jiji limegeuka kuwa kejeli ya nyumbani, na chanzo ni ule Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake wa Septemba 1995. Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania, kwa hiyo tuna kila sababu ya kujivunia.

Lakini kuna Beijing nyingine ambayo wengi wetu hatukuiona. Nje ya jiji, sehemu inayoitwa Huairou, asasi zisizo za kiserikali zilikuwa na jukwaa lao. Hapo ndipo wanawake 9 wa Kitibeti, waliokuwa wakiishi uhamishoni katika nchi mbalimbali, walisimama kimya wakiwa wamejifunga vitambaa vya hariri mdomoni. Hawakurusha jiwe wala kutukana mtu. Walichotaka dunia ione ni kwamba wenzao walioko Tibet hawana ruhusa ya kuja kujisemea wenyewe.

Hebu fikiria: mkutano mzima ni wa kuwapa wanawake sauti, halafu wewe unaziba mdomo ili usikike!

Yalianza zamani

Tarehe 12 Machi 1959, maelfu ya wanawake walikusanyika mbele ya kasri la Potala mjini Lhasa kupinga utawala wa China. Siku mbili kabla yake, umati ulikuwa umezingira makazi ya Dalai Lama ukihofia kwamba angechukuliwa, na siku chache baadaye yeye akakimbilia India. Waliobaki ndio waliolipa. Wengi walifungwa, wengine hawakurudi tena. Mpaka leo Watibeti walioko uhamishoni huiadhimisha tarehe 12 Machi kama siku ya wanawake wao. Mwaka 1984, Chama cha Wanawake wa Tibet kilianzishwa upya nchini India.

Mmoja wa waliolipa ni Adhe Tapontsang, mama mwenye watoto wadogo, aliyekamatwa mwaka 1958 na kuachiwa mwaka 1985. Piga hesabu mwenyewe: miaka 27. Mtoto uliyemwacha ananyonya, ukitoka unamkuta mtu mzima, kama utamkuta.

Kaseti moja, miaka mingi

Sasa njoo mwaka 1993, gereza la Drapchi, Lhasa. Watawa 14 wa kike wa dini ya Kibuddha walirekodi nyimbo kwa siri kwenye kaseti, na kaseti ile ikatoroshwa nje. Waliimba kuhusu nchi yao na ndugu zao. Basi. Adhabu yake? Kila mmoja aliongezewa miaka kati ya 5 na 9.

Mdogo wao, Ngawang Sangdrol, alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 akiwa na miaka 13. Umri ambao binti yako anakusumbua kwa habari za nguo na nywele, yeye alikuwa mahabusu. Vifungo vyake viliongezwa na kuongezwa mpaka vikazidi miaka 20. Aliachiwa Oktoba 2002, baada ya kelele nyingi za kimataifa, na mwaka uliofuata akaenda Marekani.

Mpaka hapa utasema, hayo ni ya serikali na siasa, mimi na mume wangu yanatuhusu nini? Subiri kidogo.

Adui wa ndani ya nyumba

Lhamo alikuwa mama wa watoto wawili, Mtibeti wa wilaya ya Jinchuan katika jimbo la Sichuan. Alikuwa akichuma mitishamba milimani na kurekodi video fupi za maisha yake: anapika, anaimba, anatabasamu bila vipodozi. Watu wengi sana walimfuata mtandaoni na kumpenda. Ambacho video hazikuonyesha ni kipigo.

Aliomba talaka, akapata. Mume akatishia kumuua mtoto wao, mama wa watu akarudi. Mambo hayakubadilika, wakaachana tena. Ndugu zake walisema alikwenda polisi akaambiwa hayo ni mambo ya familia. Kauli hiyo unaifahamu, sivyo? Kwetu tunasema siri ya mtungi aijuaye kata, halafu tunamwacha mtu afe na siri yake.

Septemba 2020, Lhamo akiwa mubashara mbele ya watazamaji wake, mwanaume yule aliingia, akammwagia petroli na kumchoma moto. Alifariki wiki mbili baadaye. China ilikuwa tayari na sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu Machi 2016, inayoruhusu mahakama kumkataza mtesaji asimsogelee mtu. Sheria ilikuwepo, ila mlangoni kwa Lhamo haikufika. Muuaji alihukumiwa kifo mwaka 2021 na hukumu hiyo ikatekelezwa mwaka 2022. Watoto wawili wakabaki bila mama.

Mpaka kwenye neno

Tusidanganyane kwamba kila kibaya kimeletwa na mgeni. Neno moja la kawaida la Kitibeti kwa mwanamke ni *kyemen*, na maana yake ya asili ni "aliyezaliwa chini". Wanawake wa Kitibeti wenyewe wamelisema hili waziwazi, na wameanza kulijibu kwa vitendo. Katika bunge lao la uhamishoni, kila mmoja wa mikoa mitatu ya jadi lazima uwe na wabunge wanawake wasiopungua 2. Na Desemba 2016, watawa 20 wa kike walitunukiwa nchini India shahada ya *geshema*, ngazi ya juu ya elimu ya dini ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya wanaume peke yao.

Tunajifunza nini?

Ukiwatazama wanawake hawa wote, mfungwa, mtawa na mama wa mitishamba, kuna kitu kimoja kinawaunganisha. Kila mmoja alisema, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia nyamaza: askari, mume, au ofisa aliyechoka nyuma ya meza.

Kwa hiyo kaka, siku mwenzako akikuambia jambo linalomuumiza, kabla hujamjibu "Beijing", kaa chini umsikilize. Na wewe dada, rafiki yako akija na miwani ya jua usiku, usimuulize alimkosea nini mumewe. Muulize kama ana pa kulala.

Wale 9 walijifunga vitambaa wenyewe, na walijua watavifungua jioni. Jirani yako je, cha kwake kamfunga nani?