Kina cha Saratani Changa ya Tumbo

Ukuta wa tumbo la mwanadamu umejengwa kwa matabaka yaliyolaliana, na tabaka lililofikiwa na saratani ndilo litakaloamua kama mgonjwa atatibiwa kwa kifaa kipitishwacho kinywani, akabaki na tumbo lake zima, ama atapasuliwa na kukatwa sehemu yake, pengine lote. Ndani kabisa upo utando utoao ute. Chini yake upo utando mlegevu wenye mishipa ya damu na ya limfu. Kisha hufuata msuli. Matabibu wa Japani, nchi iliyoteswa mno na maradhi haya na iliyobuni kamera ya kumezwa mwaka 1950, waliafikiana mwaka 1962 ya kwamba saratani isiyovuka tabaka la pili iitwe changa, hata ikiwa imekwisha kugusa matezi ya limfu.

Walakini katika uchanga huo mna tafauti kubwa. Iliyomo katika utando wa ute hufika kwenye matezi kwa nadra, wagonjwa wawili au watatu hivi katika mia. Iliyozama tabaka la pili hufika kwa mmoja katika kila watano. Mpaka unaochungwa ni nusu ya milimita ndani ya tabaka hilo la pili: ikiupita, aghalabu mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji.

Kwa sababu hiyo tabibu sharti akadirie kina kabla ya kukata chochote. Huliosha tumbo ute na povu, akalijaza hewa hata mikunjo ikanyooka, akatazama kwa subira, maana saratani changa haina kishindo: pengine ni kibonde chekundu, pengine ni weupe uliofifia tu. Huinyunyizia rangi ya buluu, ikatuama mabondeni na kudhihirisha kingo zake. Kisha hubadili nuru, akabakiza miali ya buluu na kijani ambayo humezwa na damu, hata vimishipa vikaonekana waziwazi, vilivyopangika kama nyuzi za wavu palipo pazima, na vilivyopotoka ovyo palipo na saratani.

Hayo huonyesha upana kuliko kina. Kina hutambulikana zaidi hewa inapozidishwa: ukuta wa kandokando ukitanuka ilhali kidonda kimekakamaa na kuivuta mikunjo, dhana ni kwamba saratani imezama. Panapo shaka, hutumbukizwa kifaa chembamba cha mawimbi ya sauti, nayo matabaka huonekana yakipishana, jeupe na jeusi, mpaka pale yanapokatika. Lakini kovu la kidonda cha zamani nalo huonekana jeusi, na kwa kudanganyika huko mtu aweza kupoteza tumbo ambalo halikustahili kukatwa. Ndiyo maana naona ni haki kwamba, penye shaka ya namna hiyo, kipande kiondolewe kwanza kwa kifaa cha kinywani na kupimwa kwa hadubini, kwani upasuaji waweza kufuata baadaye, bali tumbo lililoondolewa halirudi.

Huku kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hospitali wakati nusu milimita haina maana tena. Mtu hununua dukani dawa ya kiungulia, maumivu yakatulia, asijue ya kuwa dawa zipunguzazo asidi zaweza kukifanya hata kidonda cha saratani kijifunike kwa muda. Aliyepita umri wa makamo, anayeumwa tumbo kwa majuma, anayekonda au anayetoa choo cheusi, huyo ana haki ya kutazamwa ndani kabla hajaongezewa chupa nyingine ya dawa.