Mtoto Mwenye Kigugumizi na Ulimi wa Mkubwa Wake

Sisi tunaosomesha watoto Kurani twakutana mara kwa mara na mtoto afunguaye kinywa na neno likakataa kutoka. Hurudia herufi moja mara tatu, mara nne, na wenzake wakamcheka. Basi tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtaalamu mmoja aliyetumia umri wake kuchunguza jambo hili, kwani katika habari zake mna la kufuata na mna la kuogopa.

Mtaalamu huyo ni Wendell Johnson, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1906 katika jimbo la Kansas. Mwenyewe alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Mwaka 1926 alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, ambako walimu walikuwa wakitafuta asili ya kasoro za usemi. Rai iliyokuwa na nguvu pale ilikihusisha kigugumizi na mkono ambao mtu hupendelea kuutumia. Johnson akakubali mkono wake wa kulia ufungwe plasta ngumu, kama wa mtu aliyevunjika mfupa, ili atumie wa kushoto tu. Kigugumizi hakikumtoka. Wala hakukata tamaa. Mwaka 1931 alipata shahada ya juu kabisa, akasomesha katika chuo hicho hicho mpaka alipofariki mwaka 1965.

Johnson akaja na rai nyingine. Alisema kuwa watoto wote hukwama na kurudia maneno wanapojifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi humwona mwanawe ni mgonjwa, akamkemea kila asemapo, hata mtoto akaogopa kusema. Na hofu hiyo ndiyo izaayo kigugumizi.

Rai hii ilitafutiwa ushahidi kwa njia isiyofaa. Mwaka 1939, chini ya usimamizi wake, mwanafunzi wake Mary Tudor alikwenda katika nyumba ya mayatima mjini Davenport, jimboni Iowa, wakachaguliwa watoto 22. Sita kati yao walikuwa wakisema vizuri, lakini waliambiwa ya kuwa wameanza kushikwa na kigugumizi, na kwamba wasiseme ila wawe na hakika ya kusema sawasawa. Watoto wale wakaingiwa na haya, wakapenda kunyamaza kuliko kusema. Mary Tudor alirudi baadaye kujaribu kuwatengeneza.

Habari hizi hazikuenea mpaka gazeti moja la California lilipozitoa mwaka 2001. Chuo Kikuu kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kuwalipa waliodhuriwa, na warithi wa waliokwisha kufa, dola 925,000.

Wataalamu wengine walizitazama upya hesabu za jaribio lile, wakaeleza mwaka 2002 ya kuwa hazionyeshi kwamba watoto wale waligeuzwa kuwa wenye kigugumizi. Naam, maneno ya mkubwa hayakuwatia kigugumizi, bali yaliwatia hofu.

Elimu ya leo yasema kwamba kigugumizi huanza zaidi baina ya miaka 2 na 5. Katika watoto 20 humpata mmoja hivi, na wengi wao hupona wenyewe. Katika watu wazima hubaki kwa mtu mmoja katika 100, na wanaume ndio wengi. Jambo hili hufuata nasaba pia. Mwaka 2010 wataalamu waliochunguza jamaa za Pakistan walitangaza kasoro za kurithi zinazohusiana nalo. Basi mama asilaumiwe kwamba amemharibu mwanawe, wala mtoto asipigwe kana kwamba afanya kusudi.

Lililo juu yetu ni kumngoja amalize neno lake, tusimmalizie. Tumtazame usoni kwa utulivu, na sisi wenyewe tuseme polepole mbele yake. Tuwakataze ndugu zake kumwigiza. Na kama hali yaendelea kwa miezi, au mtoto ajikaza na kuogopa kusema, tuulize hospitali habari za mtaalamu wa usemi.

Nabii Musa, alayhi salaam, alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, akapewa nduguye Harun awe msaidizi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amewabashiria wasomao Kurani kwa kukwama na kwa taabu kuwa wana thawabu mbili. Ikiwa mtoto huyu ana thawabu mbili, sisi tunaomcheka tuna nini?

Mayatima wa Davenport hawakuwa na mzazi wa kuwatetea. Watoto wetu tuko nao sebuleni na darasani. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzilinda ndimi zetu juu yao. Amin.