Ugumu Usioonekana kwa Jicho

Cessna 140 ilianza kutoka kiwandani Wichita, jimbo la Kansas nchini Marekani, mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha na marubani wengi wakiwa wamerudi nyumbani na hamu ya kuendelea kuruka. Ni ndege ya watu wawili yenye injini ya nguvu za farasi 85. Kiwiliwili chake ni bati la alumini. Mabawa yana mifupa ya alumini iliyovikwa kitambaa. Pamoja na ndugu zake wawili, 120 na 140A, zilitengenezwa zaidi ya 7,000 kabla ya kiwanda kuacha mwaka 1951, na nyingi kati ya hizo zinaruka mpaka leo.

Ndege inayoruka huumia. Ubavu wa bawa hupondeka, fremu ya ndani mahali miguu ya magurudumu inapoingilia kiwiliwili hupata ufa baada ya miaka mingi ya kutua kwa kishindo. Kipuri kisipopatikana dukani, mwenye ndege ana njia mbili: atafute ndege iliyokufa ang'oe kipande chake, au kipande kifuliwe upya kwa bati, nyundo na kalibu ya mbao. Njia hii ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake kuna fizikia ambayo mtazamaji hawezi kuidhania. Kipande kipya kinaweza kulingana na cha zamani kwa urefu, unene, uzito na kila tundu, kisha kisiweze kubeba hata nusu ya mzigo ambao kile cha zamani kilibeba.

Fundi wa sufuria naye hufanyia kazi alumini, lakini yake ni alumini iliyo laini, inayokubali kila pigo la nyundo, na sufuria haidai zaidi ya hapo. Bati la ndege ni kitu kingine. Aloi inayotumika zaidi leo huitwa 2024. Kampuni ya Alcoa iliitoa mwaka 1931 kwa jina la 24S. Katika kila gramu 100 za aloi hiyo, gramu 4.4 hivi ni shaba nyekundu, gramu 1.5 ni magnesi, kuna manganizi kidogo, na karibu zote zilizobaki ni alumini. Sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na shaba hiyo kidogo, na hasa na mahali ilipojificha.

Aliyekutana na jambo hili kwanza kimaabara ni Mjerumani Alfred Wilm. Mwaka 1906, katika maabara ya Neubabelsberg karibu na Berlin, alikuwa akijaribu kuigumisha alumini kwa njia ya wafua chuma: ipashwe moto mkali, kisha izamishwe majini. Aloi yake ya alumini, shaba na magnesi haikumpa alichotaraji ilipotoka majini. Ilipopimwa tena baada ya kukaa tu kwa siku chache, bila mtu kuigusa, ugumu wake ulikuwa umepanda sana. Kiwanda cha mji wa Düren kilichukua haki za uvumbuzi huo, na ndiko lilikotoka jina la duralumini. Sababu yenyewe Wilm hakuijua. Ilibidi kungoja hadi 1938, André Guinier wa Ufaransa na George Preston wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walipotumia eksirei na kugundua kwamba atomu za shaba hujikusanya ndani ya alumini katika vibapa vyembamba mno, vyenye unene wa atomu moja au mbili.

Kwenye nyuzi joto 493 hivi za Selsiasi, shaba huyeyuka ndani ya alumini ingawa bati lenyewe bado ni gumu. Likizamishwa majini ghafla, atomu za shaba hunaswa zilipo, zimetawanyika. Kisha, kwa joto la kawaida la chumbani, huanza kusogeleana polepole na kuunda vile vibapa. Metali hupinda pale tabaka za atomu zake zinapoteleza moja juu ya nyingine. Vibapa vya shaba huzuia utelezi huo. Baada ya siku nne hivi bati limefikia karibu nguvu zake zote. (Ndugu Wright waliruka mwaka 1903 na injini ambayo kasha lake lilikuwa la alumini yenye shaba. Watafiti walipochunguza metali ya kasha hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1994, waliukuta ugumu wa aina hii hii ndani yake. Ndege ya kwanza ilikuwa imeutumia kabla hajatokea mtu wa kuugundua.)

Sasa rudi kwa fundi mwenye vipande viwili vya 2024 mezani. Kimoja ni laini, hali inayoandikwa kwa herufi O. Kingine kimeshagumishwa na kimeandikwa T3. Vina rangi moja na uzito mmoja. Akivibonyeza kidogo kwa vidole, vyote viwili vinampinga kwa nguvu ile ile, kwani ukakamavu wa metali hutokana na vifungo kati ya atomu za alumini, na hali ya shaba haiubadilishi kwa kiasi cha kuhisika mkononi. Tofauti hujitokeza mzigo unapozidi: kilicho laini hupinda na kubaki kimepinda kwenye robo hivi ya mzigo ambao T3 inaustahimili. Hili ndilo linalonifanya niheshimu kazi hii kuliko ufundi mwingi ninaoujua. Mkono, ambao fundi yeyote wa bati anauamini, hapa hauwezi kuwa shahidi.

Kwa mikunjo iliyonyooka, fundi hupinda T3 kama ilivyo, lakini haipindi kwa pembe kali. Bati la unene wa milimita 0.8 linahitaji mkunjo wa mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 2.4 hivi, yaani mara tatu ya unene. Likibanwa zaidi, upande wa nje hunyumbuka kupita uwezo wake, na nyufa ndogo zisizoonekana huanza hapo. Mwelekeo nao una uzito wake: bati lilipopitishwa kwenye mitambo ya kiwandani, punje zake zilivutwa upande mmoja, na ni heri mkunjo ukatize mwelekeo huo kuliko kuufuata.

Halafu kuna hesabu. Bati likipindwa, upande wa nje hurefuka, wa ndani husinyaa, na katikati kuna mstari usiobadilika urefu. Mtu anayetaka pembe mraba yenye mbawa mbili za milimita 20 kila moja, zikipimwa kwa nje, asikate bati la milimita 40. Kwa unene na mviringo niliotaja, kila ubawa una milimita 3.2 zinazoliwa na kona, jumla 6.4, wakati bati lenyewe likizunguka kona hutumia milimita 4.3 tu. Atakata milimita 37.9. Zile milimita mbili zikipuuzwa kwenye fremu yenye mikunjo minne, matundu ya zamani na mapya hayatakutana.

Ubavu wa bawa una ugumu wake, maana kingo zake hufuata mchirizo wa bawa. Fundi huchonga kalibu mbili za mbao ngumu, hubana bati katikati yake na kulifungia kwa pini ili lisihame, kisha hulaza kingo kwa nyundo ya plastiki, pigo dogo dogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukingo wa kalibu huchongwa kwa nyuzi chache zaidi ya pembe inayotakiwa, kwa sababu bati likiachiwa hurudi nyuma kidogo. Ambapo mchirizo umebinuka kwenda nje, bati huwa limezidi na lazima lijikunje. Fundi hulitengenezea vifinyo kwa koleo maalumu, na huhakikisha kila kifinyo kinaangukia kati ya matundu ya ribiti. Ambapo mchirizo umeingia ndani, bati hutakiwa kunyumbuka, na mkwaruzo wowote ulioachwa na mkasi ukingoni utakuwa chanzo cha ufa. Ndiyo sababu kingo hupigwa tupa na msasa mpaka zing'ae kabla ya nyundo kuguswa.

Mchirizo ukiwa mkali mno kwa T3, kipande hufuliwa kikiwa O kisha hupelekwa kwenye tanuri. Hapo nafasi ya kukosea ni finyu kweli. Joto linalohitajika ni nyuzi 493 hivi, na likikaribia 502 baadhi ya sehemu za ndani huanza kuyeyuka na kipande huharibika kisirejee tena. Kutoka tanurini hadi majini kunahesabiwa kwa sekunde. Kikichelewa, shaba hukimbilia kwenye mipaka ya punje, na mipaka hiyo huja kuliwa na unyevu kutoka ndani wakati uso bado unang'aa. Kipande kikitoka majini huwa kimejipinda, na fundi ana muda mfupi wa kukinyoosha kabla hakijagumu. Akitaka kuuongeza muda huo hukitia kwenye friza, kwa sababu baridi huzizuia atomu za shaba kusogea. Ribiti za 2024 hutunzwa hivyo hivyo: hutolewa kwenye barafu chache chache na hugongwa ndani ya dakika chache. Hata baada ya yote haya, kipande hicho hakiitwi T3 bali T42, na nguvu zake hupungua kidogo, kwa kuwa bati la T3 hupitia pia kazi ya baridi kiwandani. Kama mchoro wa ndege unadai T3, tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa.

Shaba inayotoa nguvu ndiyo pia inayoalika ulikaji. Kwa hiyo bati la ndege kwa kawaida hufunikwa pande zote mbili na utando wa alumini karibu safi, ambao kwenye mabati membamba ni asilimia 5 hivi ya unene kila upande. Utando huo hujitoa wenyewe kuliwa na kuiokoa aloi iliyo chini. Kwenye karakana nzuri fundi hachori mistari ya kupindia kwa ncha ya chuma, kwani mchoro huo hupasua utando na kuanzisha ufa. Hatumii hata penseli ya kawaida: risasi yake ni grafiti, na grafiti ikigusana na alumini penye unyevu hufanya betri ndogo inayoila alumini. Hutumia kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, kisha huufuta wino. Kwa ndege zinazolala karibu na bahari, kama zile za pwani yetu, tahadhari hii ina maana kubwa zaidi, na chumvi ya hewani huanza kazi penye mkwaruzo wowote.

Je, hali ya ndani inaweza kuthibitishwa bila kukivunja kipande? Inaweza, na njia yake inapendeza: hupimwa jinsi bati linavyopitisha umeme. Atomu za shaba zilizotawanyika huwazuia elektroni. Kwa hiyo 2024 katika hali ya T3 hupitisha asilimia 30 hivi ya kiwango cha shaba safi, na ikiwa laini hupitisha asilimia 50 hivi. Kifaa kidogo kinachowekwa juu ya bati hutoa jibu mara moja, na pamoja na kipimo cha ugumu humwambia fundi kilichokuwa kimefichika machoni na mikononi mwake.

Sheria nayo imejengwa juu ya msingi huu. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani, kifungu 21.9, humruhusu mwenye ndege kutengeneza kipuri kwa ajili ya ndege yake mwenyewe, mradi kilingane na usanifu ulioidhinishwa. Na kulingana huko ni pamoja na aina ya aloi na hali yake. Hati ya bati hutunzwa pamoja na kumbukumbu za ndege. Bati lenyewe hutoka kiwandani limepigwa chapa ya maandishi yanayojirudia: namba ya aloi, hali, unene na kiwango lilichofuata. Fundi makini hukata akianzia upande usio na chapa, ili kipande kinachobaki rafuni kiendelee kujitaja. Kilichopoteza chapa na hati hakirudi kwenye rafu ya ndege; hupewa mwanafunzi ajifunzie kukunja kingo juu ya kalibu.